Kabla hujaacha sato na dagaa

Ukitangaza nyumbani hapa Mwanza kwamba samaki, nyama, mayai na maziwa sasa basi, utaulizwa: "Sasa mboga utakula nini?" Lichukue swali hilo kwa uzito. Mboga yetu ya ugali mara nyingi ni sato au dagaa, na humo ndimo protini ilimokuwa. Mimi wiki ya kwanza nilimtoa dagaa nikabakiza mchicha, nikawa naamka usiku na njaa.

Piga hesabu kwanza. Mtu mzima anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, kama gramu 48. Robo kilo ya maharage makavu ina zaidi ya gramu 50. Si lazima uyamalize yote kwa siku, maana unga wa mahindi robo kilo unachangia gramu 20 hivi. Ila kama kwenu mnasonga ugali wa muhogo, angalia sana: robo kilo ya unga huo haifiki gramu 6. Michembe nayo, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, haina protini nyingi. Siku hizo bakuli la choroko liwe kubwa.

Choroko na dengu tunazo tele, zinalimwa hapo Misungwi na Kwimba. Nunua za wiki mbili tatu kabla hujaanza, uzitie kwenye ndoo yenye mfuniko zisibunguliwe. Kila jioni loweka za kesho. Dengu ukizilaza kwenye maji, asubuhi utazikuta zimevimba hadi juu ya sufuria, ganda linateleza ukilifinya. Hapo mkaa hautakuliza. Maji ya kulowekea mwaga. Soya na maharage yachemke mpaka yaive kabisa, hayafai yakiwa mabichi.

Karanga za kutia kwenye kisamvu zichambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, huenda ina sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, maharage yanayo ya kutosha. Ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko wengi wanavyodhani. Ukivila kwa nyakati tofauti siku hiyo hiyo, inatosha.

Vitamini B12 usiibahatishe. Mimea haina ya kutegemewa, na akiba ya mwilini huweza kukaa miaka, kwa hiyo upungufu hujificha. Nunua vidonge mapema. Mjamzito, anayenyonyesha, au anayetaka kumlisha mtoto hivi, aende kliniki kwanza.

Na kwa mama ntilie, usiishie kuagiza maharage. Muulize kabla hajapakua: "Mama, mboga hii umetia maziwa? Dagaa je?"