Kuchunguza chonge za nyuma na tezi ya Duvernoy katika kichwa cha nyoka

Chonge (meno makubwa ya nyuma ya taya la juu) na tezi ya Duvernoy (tezi ya sumu iliyo kando ya kichwa) ni vitu viwili, na kuwapo kwa kimoja hakuthibitishi kingine. Nyoka Rhabdophis tigrinus wa Asia Mashariki hana mfereji wa kupitishia sumu kwenye meno yake makubwa ya nyuma, ila amewahi kuua watu. Kwa hiyo usiandike neno kuhusu sumu ya nyoka yeyote kabla hujaviona vyote viwili.

Tumia sampuli iliyokazwa kwa fomalini ya asilimia 10 na kuhifadhiwa katika ethanoli ya asilimia 70. Kichwa cha nyoka aliyekufa punde kiache: taya huweza kujifunga kwa msukumo wa neva hata baada ya kukatwa. Loweka sampuli katika maji usiku mmoja ili fomalini ipungue na nyama ilegee. Vaa glavu, na kila jino liguse kwa sindano, kamwe si kwa kidole, kwani sumu iliyokauka juu ya jino bado ni sumu.

Anza na tezi, si mdomo. Wengi hukosea hapa. Sampuli nyingi zimekauka zikiwa zimefumba kinywa, na ukilazimisha taya unachana tishu za pembe ya mdomo, mahali penyewe tezi ilipo.

Chagua upande mmoja. Kwa wembe wa upasuaji namba 15 (namba 11 ina ncha inayozama haraka), kata ngozi tu, kina kisichozidi milimita 1, kutoka pembe ya mdomo kupanda nyuma ya jicho, kisha kwenda mbele juu ya magamba ya mdomo wa juu hadi chini ya jicho. Inua ngozi kuanzia nyuma. Tezi hushikamana nayo, hivyo itenganishe kwa chombo butu, taratibu, chini ya hadubini ya kukuza mara 10 hadi 20.

Utaona utepe mrefu kando ya mdomo: hiyo ni tezi ya mdomo wa juu, ya ute. Juu yake, kwa nyuma, kuna uvimbe mnene wenye vitundu vilivyobanana. Hiyo ndiyo tezi ya Duvernoy. Mara nyingi ni nyeupe kuliko jirani yake, lakini rangi hubadilika kwa dawa ya kuhifadhia, kwa hiyo tegemea mrija wake unaotoka upande wa ndani na kuelekea kwenye shina la chonge. Usiichanganye na tezi ya Harder, iliyo ndani zaidi, nyuma ya jicho; ya Duvernoy iko juu juu, nje ya msuli wa kufungia taya.

Usiibonyeze ukitarajia tone. Tofauti na ya kifutu, haina ghala kubwa la sumu, na kwa spishi nyingi hakuna msuli wa kuikamua. Kwa bumslengi (Dispholidus typus), nyoka wa Afrika mwenye chonge za nyuma, nyuzi kadhaa za msuli wa taya hushika kwenye utando wa tezi. Chora picha kabla hujaziondoa, maana huchukuliwa kirahisi kuwa mafuta.

Ukibaki na shaka, kata vipande vya mikromita 5 hadi 7 na utumie rangi ya PAS, rangi ya maabara inayoonyesha ute: seli za ute huwa za rangi ya zambarau-nyekundu, za tezi ya Duvernoy kwa kawaida hazishiki sana rangi hiyo.

Sasa fungua kinywa. Sukuma nyuma ufizi unaofunika chonge, uhesabu meno ya taya la juu kutoka mbele: 16+2 maana yake meno 16, pengo, kisha chonge 2. Hesabu pia matundu yaliyoachwa na meno yaliyong'oka. Sukuma kila jino kidogo kwa sindano. Linalotikisika ni mrithi ambaye bado hajaungana na mfupa, na ndiye hufanya upande wa kushoto uonekane na chonge 3 na wa kulia 2.

Kwa mfereji, weka tone la bluu ya methilini kwenye shina la chonge iliyokaushwa. Rangi hukimbia ndani ya mfereji, nawe unaufuata. Ukingo mkali wa jino huweza kuonekana kama mfereji chini ya taa ya juu, hivyo leta mwanga wa pembeni.

Pima pia umbali kutoka jicho hadi chonge. Za bumslengi ziko chini ya jicho, hivyo hahitaji kutafuna sana. Mwaka 1957 mjini Chicago, chonge moja ya bumslengi mchanga iliingia takriban milimita 3 kwenye kidole gumba cha mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt, akafa siku iliyofuata.

Rudisha sampuli katika ethanoli na uandike kwenye lebo upande uliofungua. Tezi ya upande wa pili iachwe nzima kwa mchunguzi mwingine.