Kupunguza uzito wa pikipiki ya zamani: mizani kwanza, grenda baadaye

Yamaha XS650 yangu ni ya mwaka 1978. Niliikuta stoo kwa daktari mmoja mstaafu hapa Arusha, imefunikwa turubai, kuku wametagia kwenye kiti. Siku ya kuitoa tulikuwa wawili tukiisukuma kupanda kijia cha changarawe hadi barabarani, na tulipofika juu mikono ilikuwa inatetemeka. Hapo ndipo nilipoamua: nitaijenga upya, na nitaijenga nyepesi.

Vijana wengi wanaokuja karakana wakitaka pikipiki "ya kuchonga" wanaanza na grenda. Wanakata kiti, wanakata fremu nyuma, wanang'oa madigadi, halafu ukiwauliza wamepunguza kilo ngapi hawana jibu. Mimi naomba uanze na mizani. Chukua mizani ya kawaida ya kupimia watu, weka chini ya gurudumu la mbele. Chini ya gurudumu la nyuma weka ubao wenye kimo kilekile, pikipiki isiinamie upande mmoja. Mtu aishike iwe wima bila kuikandamiza. Soma namba, kisha hamishia mizani nyuma, ujumlishe. Yangu ilisoma 105 mbele na 118 nyuma, jumla kilo 223 ikiwa na nusu tanki. Vipuri vidogo nilivipima kwa mizani ya ndoano niliyoazima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kila kimoja nikakiandika kwenye daftari. Hilo daftari ndilo lililoniongoza kuliko picha zote nilizoziona.

Halafu elewa kwamba kilo hazilingani. Kilo iliyo kwenye rimu ina deni mara mbili: injini lazima iisukume mbele na wakati huohuo iizungushe, kwa hiyo ukivuta mafuta inahesabika karibu kama kilo mbili. Tena hiyo kilo haibebwi na springi, inagonga kila shimo pamoja na tairi. Kilo iliyo juu, kwenye tanki, taa na usukani, utaihisi kila unapolaza pikipiki kwenye kona. Kilo iliyo chini ya injini hutaihisi sana. Lita moja ya petroli ina karibu gramu 750, kwa hiyo ukitoka kwa safari fupi na lita 8 badala ya 15, umeondoa kilo 5 pale juu kabisa bila kushika spana.

Vya kuanza navyo ni vile visivyohitaji akili nyingi. Stendi kubwa ilikuwa kilo 3 kamili. Nimebaki na ya pembeni, na karakana nimetengeneza kitako cha mbao cha kuinulia. Chuma cha abiria kushikia, madigadi ya nyuma na kiti chenye sahani nzito vilitoa kilo 7 baada ya kuhesabu vilivyochukua nafasi yake. Taa, honi, vioo na kibao cha namba viache. Tafuta vyepesi, lakini viwepo.

Stata ni uamuzi mkubwa zaidi. XS650 ina kiki, na ikiwa tayimingi na kabureta viko sawa inawaka kwa kiki ya pili. Stata, rilei yake na ule waya mnene wa betri vilikuwa kilo 4. Tena gia ya stata kwenye injini hizi inajulikana kwa kulika meno, na yangu ilikuwa imekwisha. Niliitoa. Ukifanya hivyo, tundu linalobaki kwenye injini lizibe kwa kizibo cha alumini kilichokerezwa, chenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), sivyo utamwaga oili njia nzima. Kama goti lako lina tatizo, bakiza stata na utafute hizo kilo kwingine.

Kwenye betri ndipo watu wanapoharibu mambo. Ya zamani ya maji ilikuwa kilo 4.2, ya lithiamu ni gramu 800. Tofauti hiyo inavutia, lakini chaji ya pikipiki hii inaongozwa na regyuleta ya zamani ya mkono wa springi, na ikizeeka inapitisha volti nyingi. Weka mita ya umeme kwenye betri, washa injini, panda hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikipita volti 14.6, usiweke lithiamu mpaka ubadilishe regyuleta kwa ya kisasa. Na usiige picha za XS650 zisizo na betri kabisa. Altaneta yake ya asili, yaani mtambo wa kuzalisha umeme, haina sumaku ya kudumu. Rota, sehemu yake inayozunguka, inapata usumaku kwa umeme wa betri kupitia kaboni. Bila betri hakuna chaji, na bila chaji hakuna cheche. Wale wasio na betri wamebadilisha mfumo mzima.

Eksozi za asili zina bomba ndani ya bomba, ndiyo maana ni nzito. Niliweka mabomba ya ukuta mmoja yanayoungana kuwa moja, nikaokoa kilo 8. Baada ya hapo injini ilianza kukosa mafuta: plagi zilitoka nyeupe kama chaki. Nikapandisha jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta) hatua moja, nikakimbia umbali mrefu, nikazima nikiwa bado nimevuta mafuta, nikafungua plagi tena. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Maboksi ya filta sikuyagusa. Ni mepesi, na kwa vumbi la barabara ya Monduli, vifilta vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kabureta vinaikaribisha injini kaburini.

Magurudumu ndiyo yaliyonigharimu zaidi, na sijuti hata shilingi. Rimu za chuma nilizibadilisha kwa za alumini, 19 mbele na 18 nyuma, kila moja ikapungua karibu kilo moja na nusu. Spoki lazima ziwe za urefu unaoendana na rimu mpya, kwa hiyo pima kipenyo cha ndani cha rimu kabla ya kununua. Diski ya mbele ni nene na nzito. Fundi wa kukereza alinitobolea kwa mashine, kila tundu likalainishwa ukingo pande zote mbili ili lisianzishe ufa. Kwa drili ya mkononi usijaribu. Wala usikubali diski ipunguzwe chini ya unene uliogongwa juu yake kiwandani.

Sasa nieleze lililonifundisha kuliko yote. Madigadi ya mbele, pamoja na vyuma vyake, ilikuwa kilo 2.3. Niliing'oa, nikaona mbele pamekuwa pazuri, nikatoka kuijaribu kuelekea Usa River. Kwenye mteremko wa Tengeru, nikiwa karibu kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kuyumba, kwanza kidogo kama kutikisa kichwa, kisha kwa nguvu. Niliachia mafuta taratibu, sikugusa breki ya mbele, nikalibana tanki kwa magoti mpaka usukani ukatulia. Nilisimama pembeni nikakaa chini kwenye majani kwa muda.

Nilipofika nyumbani nilikagua beringi za shingo, upepo wa tairi, spoki. Vyote vizima. Ndipo nikasimama mbele, nikabana gurudumu katikati ya magoti na kusokota usukani. Nikaona kwa macho yangu shokapu moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma. Kile chuma cha madigadi, ambacho mimi nilikihesabu kama pambo, ndicho kilichokuwa kinaifunga miguu miwili iwe kitu kimoja. Shokapu za miaka ile ni nyembamba, haziwezi peke yake.

Suluhisho lilikuwa daraja la alumini la kuziunganisha shokapu mbili za mbele, la unene wa milimita 10, lililochongwa mtaani Unga Limited kwa vipimo vyangu, gramu 400 tu. Kulifunga kuna utaratibu: legeza vishikio vya ekseli, funga daraja kwa mkono tu, kandamiza shokapu mara kadhaa mpaka zishuke na kupanda bila kukwama, kisha kaza daraja, mwisho ekseli. Ukikaza kwa haraka shokapu zitabanana na hazitafanya kazi. Madigadi fupi ya alumini nikaifunga juu ya daraja hilo, kwa mpira kila penye bolti. Mipira hiyo ni lazima: pistoni mbili za XS650 hupanda na kushuka pamoja, mtikisiko wake unapasua alumini nyembamba ndani ya wiki chache.

Tangu siku ile kila kipuri nakiuliza kinafanya kazi gani kabla sijakitoa. Bolti za ekseli, kalipa na injini zibaki za chuma. Alumini weka kwenye vifuniko tu. Mkono wa gurudumu la nyuma na shingo ya fremu usivitoboe. Fremu ukiikata nyuma, kata baada ya vishikio vya juu vya shokapu, na ncha mbili uziunge kwa bomba lililokunjwa, lenye kipande cha bomba jembamba ndani ya kila kiungo. Kabla ya kuchomelea, toa betri.

Mwisho ilisoma 93 mbele na 95 nyuma, kilo 188. Lakini springi zilizobeba kilo 223 sasa zilikuwa ngumu mno, na gurudumu la nyuma lilirukaruka kwenye matuta. Inua pikipiki gurudumu lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu. Kisha kaa juu yake na mavazi yako yote, mtu apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Nilishusha pete za kukazia springi za nyuma hadi ngazi ya chini kabisa nikapata milimita 27. Upepo wa tairi nao niliupunguza kidogo.

Kilomita 100 za kwanza zikiisha, kaza upya spoki na upitie kila nati kwa spana. Kwenye yangu nilikuta mbili za eksozi zimelegea na moja ya kibao cha namba haipo.