Kutandaza mawe ya Mazeras uani bila kuyachafua kwa saruji

Jiwe la Mazeras ni jiwe la mchanga, linafyonza: maji yakiingia, saruji huingia nayo. Ndiyo maana kazi nyingi huharibikia kwenye kujaza mianya, mawe yakiwa yameshakaa vizuri.

1. Shindilia kifusi cha mawe sentimita 10, mwaga zege sentimita 10 juu yake. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na nyumba. Mwagilia zege maji siku 7.

2. Panga mawe yote bila mota (saruji iliyochanganywa na mchanga) kwanza. Mianya iwe sentimita 1 hadi 1.5.

3. Mota ni ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini achana nao. Chumvi yake hupanda juu kama unga mweupe. Sugua mgongo wa jiwe, ulowe kidogo, upake uji wa saruji, kisha lilaze juu ya mota ya sentimita 3 hadi 5 na uligonge kwa nyundo ya mpira mpaka liguse uzi uliouvuta kuonyesha usawa. Mota ijae chini ya jiwe zima. Ukiweka matonge manne pembeni, maji hukaa katikati na jiwe huvunjika. Likitoa sauti ya uwazi, linyanyue sasa hivi.

4. Mianya, baada ya siku mbili. Usimwage uji wa saruji sakafu nzima na kuusukuma kama kwenye vigae! Hubaki ukungu wa kijivu ndani ya vitundu vya jiwe. Asidi nayo si dawa: hula mota, na huweza kuamsha kutu ya chuma kilichomo kwenye jiwe.

Kwa mianya, changanya saruji 1 kwa mchanga 3 uliochekechwa, maji kidogo sana. Finya konzi: donge lishikamane, vidole visitoke maji. Fagia mianya, lowesha kingo kwa brashi, maana jiwe kavu hunyonya maji ya mota na ufa hutokea kandokando. Shindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka mbili, mita moja ya mraba kwa wakati. Makombo yakidondoka juu ya jiwe, usiyafute kwa kitambaa chenye maji. Yaache yakauke kidogo, uyafagie kwa brashi laini. Kidole gumba kikiacha alama bila kushika saruji, lainisha kwa kipande cha bomba la nusu inchi. Jua la saa sita liepuke kabisa, anza alfajiri.

5. Funika kwa magunia mabichi siku 3. Dawa ya kuzuia maji ipakwe baada ya wiki 4, jiwe likiwa kavu.