Kupima kimo cha shafti ya roka baada ya kubadili kemshafti

Wengi wanaoniletea injini hapa Ngamiani, Tanga, baada ya kufunga kemshafti (shafti ya manundu) inayofungua valvu zaidi, huwa wamerekebisha skrubu za tapeti na kudhani kazi imekwisha. Skrubu huondoa uwazi kati ya roka na valvu tu, ilhali pembe ambayo roka (mkono unaoisukuma valvu) huukanyaga mguu wa valvu, yaani fimbo yake, huamuliwa na kimo cha shafti ya roka, na hapo ndipo gaidi za valvu (bomba zinazoongoza mguu wa valvu) huliwa au husalimika. Nazungumzia injini za pushirodi (fimbo zinazopeleka mwendo wa kemshafti hadi kwenye roka) ambazo roka zake zimepangwa kwenye shafti moja, kama Toyota 5K.

Kwanza, katika silinda moja, toa springi kali za valvu na uweke laini, ili vyuma visipinde na kukupa kipimo cha uongo. Paka wino wa maka peni juu ya mguu wa valvu, kaza skrubu mpaka uwazi uishe, kisha zungusha krenki mizunguko miwili kamili. Ondoa roka utazame mkwaruzo: uwe mwembamba kadiri iwezekanavyo, kwa sababu mkwaruzo mpana maana yake roka inaburuta valvu upande.

Pili ni hesabu. Valvu ikiwa imefunguka nusu, mstari kutoka katikati ya shafti hadi roka inapogusa valvu unapaswa kufanya nyuzi 90 na mguu wa valvu. Kwa hiyo, kemshafti ya zamani ikiwa ilifungua valvu milimita 10 na mpya inafungua 12, shafti inatakiwa kushuka milimita 1, yaani nusu ya ongezeko. Siti (vikalio vya valvu) zikikatwa, valvu huzama na mguu wake huchomoza, na shafti hudai kuinuliwa kwa kiasi hichohicho. Kuranda hedi (kichwa cha injini) hakugusi jambo hili; hufanya tu pushirodi kuwa ndefu mno.

Ili kuinua, weka shimu (kipande chembamba cha chuma) chini ya sitendi (nguzo zinazoshika shafti). Ili kushusha, zikerezwe sitendi zote pamoja. Shimu ya sitendi inayopitisha oili itobolewe, la sivyo roka zitakauka. Usiache shafti bila oili usiku kucha, kwani hewa yetu ya bahari huitia kutu.

Rudia wino, na hapo ndipo uchague urefu wa pushirodi. Mwisho rudisha springi kali, uhakikishe kwamba valvu ikifunguka kabisa zimebakiwa na milimita 1.5 hivi kabla ya koili kugusana.