Mgombea akikuahidi wauguzi, muulize haya

Kama una kibali halali cha kuishi Uingereza na pasi yako ni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, unaruhusiwa kupiga kura ya ubunge, maana nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo mgombea akibisha hodi na kipeperushi cha "wauguzi zaidi", usimwachie aondoke upesi. Mimi ni muuguzi wa wadi ya wazee huku England, na hivi ndivyo ninavyowahoji.

Anza na hili: hao wa ziada umewahesabuje? Mwaka 2019 chama cha Conservative, kilichokuwa madarakani, kiliahidi England wauguzi 50,000 zaidi. Ungedhani ni sura mpya tupu. Maelezo yalipotoka, kumbe kama 18,500 kati yao walikuwa kazini tayari, serikali ikitumaini kuwashawishi wasiache. Sisemi ni uongo. Anayebaki anaziba pengo. Ila kumtangaza kama nyongeza mtu ninayekabidhiana naye zamu kila asubuhi, hapana. Mwishoni mwa 2023 serikali ikasema lengo limetimia, na kwa hesabu yake lilitimia.

Kisha uliza nafasi wazi ni ngapi. Hapa usilegeze hata kidogo. Idadi ya wauguzi inaweza kupanda na wadi ikabaki taabani, kwa sababu wagonjwa wameongezeka na ikama, yaani idadi ya wauguzi wanaotakiwa, imekuwa kubwa. Katikati ya 2022 wauguzi walikuwa wakiongezeka, lakini nafasi wazi za uuguzi katika NHS (huduma ya afya ya umma) ya England zilikuwa zimepita 46,000. Takwimu hizi hutolewa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo asikuambie hana. Akijibu "tuna wauguzi wengi kuliko wakati wowote", rudia swali lilelile, tena kwa hospitali ya jimbo lake. Muulize pia kama anahesabu vichwa au ajira za muda kamili. Wawili wanaofanya kazi nusu wiki hawajazi zamu mbili.

Watatoka wapi? Ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi England iliondolewa 2017. Mwaka 2020 ikaja nyingine ya pauni 5,000 kwa mwaka, lakini ada ya chuo bado ni juu ya mwanafunzi. Pengo likazibwa kwa kuajiri wageni, na mwaka 2021 Uingereza ikatia saini makubaliano na Kenya. (Kenya, ambako waliohitimu wanakaa nyumbani bila ajira na wadi za hospitali za kaunti hazina wauguzi wa kutosha. Hilo nitawauliza wagombea wa kule.)

Kwa madaktari wa familia maswali ni yaleyale. Mwaka 2015 Jeremy Hunt, waziri wa afya wa wakati huo, aliahidi 5,000 zaidi kufikia 2020, hawakupatikana. Ahadi ya 2019 ikapanda hadi 6,000, na Novemba 2021 waziri wa afya wa wakati huo, Sajid Javid, akawaambia wabunge kwamba serikali haiko katika njia ya kuifikia. Jibu la namna hiyo nalipa heko, hata kama linaudhi.

Ukikaa Scotland au Wales, maswali haya mpelekee mgombea wa bunge la huko, kwani ndilo linalosimamia afya. Jiandikishe mapema. Siku ya kura beba pasi yako. Ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika kama kitambulisho.