Karnivali ya Oktoba 31 shuleni au kanisani: namna ya kuipanga hapa Dar

Karnivali ya watoto ya Oktoba 31, siku ya Halloween, haiharibiwi na uhaba wa mapambo. Inaharibiwa na foleni. Mtoto wa miaka saba akisimama dakika ishirini juani akisubiri kurusha pete tatu, ataanza kusukumana na wenzake, mama yake atatafuta kivuli, na ikifika saa kumi na nusu jioni nusu ya wageni wako wameshapanda bajaji. Kwa hiyo kabla ya kuwaza maboga na taa, shika kalamu.

Chukua watoto 300 na muda wa saa tatu, tuseme saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Mchezo unaohudumia mtoto mmoja kila sekunde 90 unatoa zamu 40 kwa saa, yaani 120 kwa muda wote. Ukiwa na vituo 12, na sita kati yake vikiwa na njia mbili mbili, una njia 18, sawa na zamu 2,160. Hiyo ni kwenye karatasi. Toa robo kwa ajili ya makopo ya kupanga upya, mpira ulioingia uvunguni mwa meza na msimamizi aliyekwenda msalani. Zinabaki 1,620. Gawa kwa 300, kila mtoto anapata zamu tano na chenji kidogo. Basi chapisha kuponi tano kwa kila mtoto, si kumi. Kamati nyingi huandika kumi kwa sababu zinapendeza kwenye bango, halafu saa kumi na mbili kasoro watoto wanalia na kuponi mkononi. Zikibaki dakika thelathini na foleni ni fupi, mshereheshaji atangaze michezo ya bure. Hapo utaonekana mkarimu.

Jina na tarehe

Halloween kwa asili ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa Novemba 1. Oktoba 31 ni pia Siku ya Matengenezo kwa Walutheri, kwa kumbukumbu ya Martin Luther na hoja zake za Wittenberg mwaka 1517, kwa hiyo usharika wa KKKT unaweza kuwa na ratiba yake siku hiyo. Mchungaji, paroko au baraza la wazee lifuatwe mapema, wiki nane kabla, na wapewe maelezo kamili badala ya neno “Halloween” peke yake. Wengi wanachokipinga ni mafuvu na wachawi, hawana neno na michezo na taa. Jina kama “Karnivali ya Mavuno” au “Jioni ya Taa” linapita bila kelele, mradi yaliyomo yafanane na jina. Ukibadilisha bango ukaacha mifupa ya plastiki ukutani, utaitwa kujieleza.

Jumamosi ndiyo siku nyepesi kwa wengi. Jumapili makanisa yenye ibada tatu huachia uwanja mchana, na mafundi wa mahema hawatapata muda wa kufunga. Lakini kama shule ina familia nyingi za Wasabato, Jumamosi mchana umewaacha nje. Angalia pia kalenda ya mitihani. Kwa miaka ya karibuni mtihani wa taifa wa darasa la nne umekuwa ukiangukia mwishoni mwa Oktoba, na kidato cha nne huanza Novemba. Si lazima tarehe iwe 31 kamili, Jumamosi iliyo karibu inatosha. Na usisahau kwamba hizo ni wiki za vuli. Mvua ya Dar haibishi hodi, kwa hiyo andika mapema mchezo gani unahamia darasa gani au ukumbi gani, na nani anabeba spika.

Barua ya taarifa ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa wiki nne kabla, ikitaja saa ya kuanza na kumaliza muziki, na uombe maelekezo kama kibali kingine kinahitajika. Majirani wa ukuta kwa ukuta uwaone mwenyewe. Malalamiko ya kelele yakifika NEMC, baraza la taifa la mazingira, hayaulizi kama ilikuwa sherehe ya watoto.

Buti wazi badala ya kugonga mageti

Marekani watoto huzunguka mlango kwa mlango wakiomba pipi. Mitaa yetu ina mageti, mbwa na walinzi wasiojua habari hiyo, kwa hiyo desturi hiyo iacheni. Makanisa ya huko huko yana mbinu inayotufaa zaidi: magari yanapangwa uwanjani, buti zinafunguliwa na kupambwa, watoto wanapita gari hadi gari.

Magari 15 yanatosha watoto 300. Yaingie yote kabla ya saa nane mchana, yapangwe mstari mmoja yakitazama nje, mita mbili kati ya gari na gari. Funguo zote zikusanywe kwenye boksi moja kwa mtu mmoja. Hakuna gari linalowashwa hadi uwanja uwe mtupu. Kanuni hii haina msamaha, hata kwa mzee wa kanisa anayewahi msiba.

Usinunue pipi kwa magari yote. Kipande kimoja kwa kila mtoto kwa kila gari ni vipande 4,500, na wazazi watakulaumu. Magari matano yatoe pipi (vipande 1,500), matano penseli au stika, manne matunda yaliyokatwa au bisi, na moja kashata na karanga, lenye kibao kikubwa cha kuonya wenye mzio. Ubuyu watoto wanaupenda, ila rangi yake itahamia kwenye kila nguo na kila mchezo, kwa hiyo uwe umefungwa wa kwenda nao nyumbani. Watoto chini ya miaka mitatu wasipewe pipi ngumu za mviringo wala karanga, maana huwakaba. Mifuko ya kubebea iwe ya karatasi. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Michezo: mmoja kwa undani

Kurusha pete ni mchezo wa bei ya chini kuliko yote, na ndio unaokosewa zaidi. Azima kreti moja ya soda, chupa tupu 24. Jaza kila chupa mchanga hadi nusu, la sivyo pete ya kwanza itaangusha tatu kwa mpigo. Zipange safu nne za sita, ukiacha sentimita 15 kati ya chupa na chupa. Pete tengeneza kwa mpira wa maji wa nusu inchi. Kata kipande cha sentimita 45, ingiza kijiti cha sentimita sita katika ncha zote mbili, zungushia selotepu ya umeme. Unapata pete yenye upana wa sentimita 14 hivi. Tengeneza 12, kwa sababu msimamizi akiwa na tatu tu atatumia nusu ya zamu kuziokota.

Chora mistari miwili ya chokaa, mita moja kwa wadogo, mita mbili kwa walio juu ya miaka tisa. Siku moja kabla mweke mtoto halisi arushe mara thelathini. Akishinda mara kumi, acha hivyo. Akishinda mara tatu, sogeza mstari mbele, maana watoto hukimbia mchezo usioshindika. Akishinda mara ishirini, zawadi zitaisha saa kumi.

Kuangusha makopo kunataka seti mbili za makopo sita. Moja inapigwa, nyingine inapangwa. Mipira iwe ya soksi iliyojazwa vitambaa, kama chandimu, na nyuma ya meza funga khanga kuukuu izuie. Kuvua samaki ni fimbo, uzi na sumaku ya spika mbovu. Samaki wa boksi wakate na kuwabana kibanio cha chuma mdomoni, na kituo kiwe nyuma ya ukuta, kwa sababu upepo wa baharini wa alasiri utawapeperusha wote. Vituo vingine havihitaji maelezo: magunia, kijiko na limau, rede kwa kundi la kumi kumi, bao la kete kwa wakubwa wasiopenda kukimbia. Michezo ya kundi ndiyo inayookoa hesabu yako ya foleni, kwa hiyo iwe si chini ya mitatu.

Kuchora nyuso kuna foleni ndefu kuliko vyote. Mchoraji mmoja akichora shavuni tu, dakika tatu kwa mtoto, anamaliza 20 kwa saa, hivyo wachoraji watatu kwa saa tatu ni watoto 180. Usiweke mstari, toa namba za karatasi na waite kumi kumi. Bandika picha nne za kuchagua, zisizidi: kipepeo, samaki, nyota, masharubu ya paka. Rangi iwe ya ngozi inayotoka kwa maji, kamwe si makapeni wala rangi ya maji ya ukutani, na ijaribiwe mkononi kwanza.

Ukikodi kasri la hewa la kurukia, lipe mtu wake wa kudumu asiyeondoka. Watoto wanane hadi kumi wa umri mmoja, viatu nje, dakika tano kwa saa ya mkononi. Umeme ukikatika feni inasimama na kasri linawaangukia waliomo, kwa hiyo watolewe kwanza, jenereta baadaye. Mvua au upepo mkali ukianza, litolewe hewa, hata kama muda uliolipiwa haujaisha.

Mavazi

Kanuni mbili zitakuepusha na mengi. Ya kwanza, hakuna kinyago kinachofunika uso mzima. Wanaotaka wakate vinyago vya boksi na kuvishika kwa kijiti, ili mwalimu amtambue mtoto wake. Ya pili, hakuna mchawi, mfu wala damu. Nchi hii watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kichawi, wakiwemo wenye ualbino, na hilo si la kuchezea mbele ya darasa ambalo huenda lina mtoto mwenye ualbino. Yanayobaki ni mengi: sungura na fisi wa hadithi, Nuhu na wanyama wake, rubani, mvuvi, konda, mama ntilie na kibuyu chake cha maji. Mitumba ya soko la Karume inamaliza kazi kwa fedha kidogo. Tangazeni kwamba vazi la boksi na kitenge litashindanishwa sawa na la dukani, vinginevyo mtoto asiye na kitu atabaki nyumbani.

Taa

Mwishoni mwa Oktoba jua la Dar huzama saa kumi na mbili na robo hivi, na nusu saa ya kwanza ya giza ndiyo watakayoikumbuka. Maandamano mafupi ya taa kuzunguka uwanja yanatosha. Taa za Halloween zilianza Ireland na Uskoti kwa kuchonga mizizi ya tanipu. Marekani boga lilichukua nafasi ya tanipu kwa sababu lilikuwa tele huko. Hapa tele ni kifuu.

Waombe mama ntilie wa mtaa wakuwekee vifuu vya nazi kwa wiki mbili. Sugua nje kwa msasa, toboa matundu kwa drili yenye biti ya milimita sita, ukianzia nje, sentimita mbili kutoka ukingoni. Ukikaribia zaidi kitapasuka. Funga nyuzi tatu, kigeuze juu chini, ning'iniza taa ndogo ya betri ndani. Mshumaa hapana, kwa kuwa kuna kitenge, karatasi na upepo. Maboga machache weka mlangoni kwa pambo. Yakatwe na watu wazima, tundu likiwa chini, jioni ya kuamkia sherehe. Kwa joto letu siku ya tatu yana ukungu. Nyama yake ipelekwe jikoni, boga la nazi linauzika.

Watoto wasipotee

Fundi cherehani atakupa vipande vya kitenge bure. Kata tepe, rangi moja kwa kila umri, ndani yake andika namba ya simu ya mzazi kwa kalamu isiyofutika. Mtoto wa chini ya miaka kumi hatoki getini bila mtu aliyemleta, na getini kuna watu wawili wenye orodha. Meza ya waliopotea iwe karibu na spika, lakini jina la mtoto lisitangazwe. Tangaza rangi ya nguo, na mdai aseme jina mwenyewe. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto, hata chooni. Simu za Zimamoto (114) na za kuripoti ukatili kwa watoto (116) zibandikwe kila meza.

Chakula kiuzwe na watu wasiozidi sita, kila mmoja na kitu chake, wenye mishikaki wakiwa upande upepo unakokwenda. Nyama ichinjwe na Mwislamu ili wote wale. Ndoo za koki na sabuni nne, maji ya kunywa lita moja kwa kila mtu. Malipo yapite lipa namba moja ya kamati, na mezani kuwe na sarafu za 500 na noti za 1,000 za chenji, maana saa ya kwanza kila mzazi huja na noti ya 10,000.

Uwanja ukiwa mtupu, rudisha funguo, mwaga mchanga wa chupa kabla haujashikamana kwa unyevu, hesabu kreti mbele ya mwenye duka. Kila msimamizi akabidhi kuponi alizokusanya zikiwa kwenye bahasha yenye jina la mchezo, zihesabiwe usiku huohuo.