Namna ya kupanga vitu vya kampasi visaidie watu kweli: hatua kwa hatua, kutoka Mwanza

Niko upande wa malezi ya wanafunzi kwenye chuo kimoja huku Mwanza, na kila mwaka wa masomo ukianza napata meseji za mawaziri wa ustawi wa serikali za wanafunzi, walezi wa hosteli, hata viongozi wa feloshipu (vikundi vya dini vya wanafunzi), swali ni lile lile, madamu tunaanzia wapi na bajeti hamna. Jamani vitu vipo. Kampasi ina viwanja, vimbweta vya kusomea nje, ukumbi, dispensari, kantini, kanisa, msikiti, mshauri nasaha, na ina watu wenye moyo kabisa, ila hakuna aliyekabidhiwa na hakuna saa inayojulikana, kwa hiyo mwanafunzi mwenye shida anapita mbele ya msaada kila siku na hajui kama pale kuna msaada. Hapa naandika namna tunavyofanya, chukua kinachokufaa.

Hatua ya 1: Zunguka kwa miguu na daftari

Usianze na ile orodha ya mali za chuo, ile imeandikwa kwa ajili ya wakaguzi. Mchukue mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja wa mwaka wa tatu, zungukeni kampasi nzima mchana, alafu mrudie njia ile ile saa mbili usiku, sababu usiku sehemu zinabadilika kabisa. Andika kila mahali ambapo mtu anaweza kukaa, kula, kusali, kucheza, kuchaji simu, kuongea na mtu mzima, au kulia bila kutazamwa (ndio, hapo pia paandike, watu wanalia). Kwa kila sehemu jibu haya: ufunguo anao nani, panafunguliwa saa ngapi kweli, yaani saa ya ukweli na sio ile ya kwenye kibao, nani anapatumia na nani hakanyagi kabisa.

Hilo la nani hakanyagi ndio muhimu zaidi. Mwanza yetu ni ya miamba na vilima, majengo yanapanda na ngazi zinapanda, sasa ofisi ya mshauri ikiwa juu, mwenye magongo au kiti cha magurudumu haji na wala hatakwambia kwamba haji. Omba mshauri akae chini walau siku mbili kwa wiki, hata kwenye chumba kilichokuwa stoo mkakisafisha. Kiziwi hapigi simu, kwa hiyo namba ya msaada lazima ipokee meseji za kawaida na WhatsApp. Mama anayenyonyesha anahitaji kiti, mlango unaofungika na maji, basi. Hivi vyote vinataka mtu wa kukumbuka tu.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya presha

Shida za wanafunzi zina majira yake kama mvua, na ukishayajua unajipanga mapema. Chukua karatasi ya manila, chora muhula mzima. Wiki za mwanzo ni upweke na kutapeliwa vyumba, mtoto katoka Kigoma au Simiyu hajui mtu, kalipa geto (chumba cha kupanga) kwa dalali ambaye hapokei tena simu. Zinafuata wiki za kusubiri bumu (hela ya kujikimu ya mkopo), pale hela ya awamu iliyopita imeisha na ya sasa haijaingia. Alafu testi. Alafu UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Alafu matokeo, na hapa nasisitiza, matokeo yanatoka watu wakiwa likizo, mwanafunzi yuko peke yake chumbani au nyumbani anasoma kwenye simu kwamba ana sapu tatu (mitihani ya kurudia) au kadisko (kaondolewa chuo kwa kufeli), na mshauri nasaha naye yuko likizo.

Nenda kwa bosi wa mshauri kistaarabu, peleka manila yako, mwonyeshe. Muombe likizo ya mshauri isogezwe wiki mbili, au mwalimu mwingine ashike simu siku matokeo yanapotoka. Na kwenye tangazo la matokeo lenyewe iwekwe namba ya mtu wa kuongea naye, hapo hapo chini, mstari mmoja.

Hatua ya 3: Kila sehemu ipate mtu na saa

Hii fupi. Rudi kwenye daftari, kila sehemu andika jina moja la mtu, sio kamati. Uwanja wa neti boli: fulani, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, mpira anao yeye. Chumba cha mazungumzo: fulani, saa nane hadi saa kumi. Mtu huyo akisafiri anaaga na anamtaja mbadala. Sehemu isiyo na mtu usiitangaze kabisa, mwanafunzi akikuta mlango umefungwa siku aliyojikaza kuja, harudi tena.

Wa kukusaidia wapo tayari. Feloshipu za Kikristo kama USCF na CASFETA, na ndugu zetu Waislamu wa TAMSYA, wanajua nani hajaonekana wiki hii kuliko ofisi yoyote ya chuo. Vyama vya wanafunzi waliotoka mkoa mmoja nao hivyo hivyo, na ma-CR (wawakilishi wa darasa). Ila kuna ambao hawako kwenye kundi lolote, wanaorudia mwaka, wa masomo ya jioni, na wale walioacha kusali, hao wape CR jukumu la kuwasalimia kwa jina, salamu ya kawaida tu, mambo vipi, umekula.

Hatua ya 4: Msosi (hapa kaa sana)

Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya na nguvu kidogo ulizonazo, fanya hiki. Mtu mwenye njaa haji kwa mshauri kusema nina njaa, anakuja kusema nashindwa kusoma, au anaumwa kichwa, au haji kabisa. Na aibu ya kuomba chakula chuoni ni kubwa kuliko njaa yenyewe, nimeona watu wanalala na maji.

Kwa hiyo mpango wowote wa chakula unaoanza na foleni ya wasiojiweza, au fomu ya kueleza umaskini wako, au picha ya viongozi wakikabidhi mchele, utawapata wenye ujasiri tu na utawakosa waliozidiwa. Fanya hivi.

Kaa na mama wa kantini au mama ntilie wa nje ya geti ambaye wanafunzi wanamzoea. Muwe na kuponi moja tu, ile ile kwa wote, inauzwa dirishani kwa yeyote anayetaka kulipia mapema, na kuponi hizo hizo ndio nyie mnazinunua kwa mfuko wenu na kuzigawa. Mpakuaji hajui nani kanunua nani kapewa, jirani kwenye meza hajui, sahani ni ile ile na maharage ni yale yale. Hapo ndipo kila kitu kinapokaa, ukiharibu hilo umeharibu mpango mzima.

Hesabu zake ni hizi, weka bei ya kwenu. Tuseme sahani ni elfu mbili na mnataka kubeba watu 20 kwa siku 10 za kusubiri bumu, hizo ni sahani 200, yaani laki nne. Wanafunzi 400 wakitoa buku buku mara moja kwa muhula imeshatimia. Na mkimlipa mama kabla anapata mtaji wa kununua mchele kwa gunia badala ya kilo kilo, kwa hiyo muombeni kwa heshima aongeze sahani kidogo juu, wengi wanakubali, hawa mama wengi wana watoto wao shuleni wanaelewa.

Kugawa: kuponi zipite kwa watu wachache wanaoaminika, wawakilishi wa hosteli, CR mmoja mmoja, kiongozi wa feloshipu, mlezi wa msikitini. Anayetoa haulizi sababu. Kuhusu uaminifu wa hela, maana wahasibu watauliza na wana haki, kila kuponi ina namba, mgawaji anasaini namba alizochukua, mama anarudisha zilizoliwa mwisho wa wiki, mnalinganisha. Namba na tarehe vinatosha, jina la mlaji haliandikwi popote, wala kwenye WhatsApp, wala kwenye daftari la siri. Atapatikana mmoja wa kutumia vibaya? Atapatikana. Sahani yake ni elfu mbili, mwache ale.

Hatua ya 5: Vimbweta na taa

Kimbweta ni cha kusomea lakini ndio sebule ya mwanafunzi, urafiki mwingi wa chuo unaanzia pale, watu wakibishana swali la mwaka jana. Giza huku linaingia mnamo saa moja jioni mwaka mzima, kimbweta kisicho na taa saa moja na nusu kimekufa. Hesabu vyenye taa na visivyo na taa, alafu kabla hujaomba vipya omba taa kwenye vilivyopo, ni rahisi zaidi na fundi umeme wa chuo yupo. Waulize mabinti wanapita njia gani kurudi hosteli usiku, taa ya kwanza iende kwenye njia hiyo. Panda na miti ya kivuli, jua la saa saba la Mwanza linafukuza kila mtu.

Ukumbi: weka daftari la kuomba nafasi mahali pa wazi, ili kwaya isiwe nao wiki nzima na klabu ya ngoma au ya mijadala ikakosa.

Hatua ya 6: Wa geto wasisahaulike

Wengi wetu hatulazi wanafunzi wote, wengine wamepanga mitaani. Ukiwa upande wa chuo cha SAUT utawakuta Malimbe, Nyegezi, Luchelele, Mkolani. Gawa kwa mitaa, kila mtaa uwe na mwanafunzi mmoja wa kuaminika anayejua nani amepanga wapi, na mwende pamoja kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na mabalozi, ukifika salimia wakubwa vizuri, shikamoo baba, eleza nyie ni nani, acha namba. Siku kuna wizi au binti kagombana na mwenye nyumba usiku, huyo mwenyekiti ndiye anayefika kabla yako. Andikeni pia orodha ya wenye nyumba wanaoandikishiana mkataba, waipate wa mwaka wa kwanza kabla hawajakutana na madalali.

Hatua ya 7: Ziwa

Ziwa ni zawadi, kukaa kwenye mwamba jioni unatazama maji kunatuliza watu na hakuna gharama, panga matembezi, hata kisiwa cha Saanane ukipata punguzo la kundi. Ila kuogelea hapana. Ziwa Victoria lina kichocho, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ukiwa majini, hata ukisimama tu kwenye kina kifupi chenye majani. Aliyekwisha kuoga ziwani aende dispensari apimwe choo, dawa ipo na inatibu. Na kuna kuzama, hasa wikiendi za baada ya UE na hasa pombe ikiwepo, kwenye mtumbwi boya la kuokolea ni lazima kwa kila mtu.

Hatua ya 8: Likizidi uwezo wako

Bandika karatasi moja kwenye kila hosteli: namba ya msaada ya chuo, ya dereva wa bajaji mliyekubaliana naye usiku, ya polisi 112. Jueni mapema mgonjwa anapelekwa wapi, dispensari ya chuo, Hospitali ya Mkoa Sekou Toure, au Bugando ambako kuna madaktari wa afya ya akili. Kwa ukatili wa kijinsia kuna Dawati la Jinsia polisi, na vyuo vingi saivi vina dawati lao ndani. Msindikize, usimwelekeze njia kwa kidole.

Ukimwona mtu amebadilika, anagawa vitu vyake, anaaga aga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwekei wazo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari chumbani, mpeleke usiku huo huo. Siri yake ilinde kwa kila mtu isipokuwa anayemtibu.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Serikali za wanafunzi zinabadilika kila mwaka, waziri akimaliza anaondoka na laini ya simu, funguo na majina yote kichwani, mpya anaanza sifuri. Laini ya msaada isajiliwe kwa jina la chuo na simu ikae ofisini. Wiki mbili kabla ya uchaguzi mpya fungueni daftari la hatua ya 1, msahihishe saa na majina, mkaangalie taa zipi zimeungua, mhesabu kuponi zilizobaki na mlipe deni lote la mama ntilie. Alafu waziri wa zamani na mpya waende wote wawili, kwa miguu, kwa mama, kwa mshauri, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa dereva wa bajaji, wamtambulishe mpya ana kwa ana.